Uso wa Epifania

Esteri, dada yake, alipobisha hodi asubuhi ile, Nduwayezu alikuwa amejifunga kanga usoni mpaka chini ya macho, na uongo wa kuielezea kanga hiyo alikuwa nao tayari mdomoni: jino. Kwa siku kadhaa watu wa Kasulu walikuwa wamelishwa habari za jino hilo. Wateja wa saluni walimpa pole, jirani akamletea karafuu, naye akaitafuna mbele ya huyo jirani huku akigugumia kwa maumivu ya kuigiza. Jino halikuwa na tatizo lolote. Kilichouma kilikuwa uso, na aliyeuunguza ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kila jioni kabla ya kulala, akiamini anaupendezesha.

Hebu tumjue kwanza, maana wengi wa mji ule walimjua kwa kumcheka tu. Alizaliwa Kitahana, upande wa Kibondo, katika familia ya Warundi waliovuka mpaka zamani wakalima mpaka wakawa wenyeji. Mkunga alisema ni mtoto wa kiume, padri akambatiza Stanislaus, na tangu alipoanza kujijua alijijua kuwa mwanamke. Hakuwa na neno la kitaalamu la kulieleza jambo hilo wala hakulitafuta. Alilijua kama mtu anavyoijua njaa yake. Alipohamia Kasulu alimwacha Stanislaus huko huko kijijini pamoja na kaptura za shule, akabaki na jina lake la Kirundi. Nduwayezu maana yake ni mimi ni wa Yesu, na jina hilo halichagui suruali wala gauni.

Huko Kasulu alisuka nywele. Alisuka vizuri, hilo hata waliomsema hawakulikana, na ndiyo maana walimsema wakiwa wamekaa kati ya magoti yake, vichwa vyao mikononi mwake. Saluni ilikuwa ya Apoline, mama wa Kikongo aliyetoka kambi ya Nyarugusu na kufungua kibanda cha mabati karibu na soko. Apoline alikuwa na ulimi mtamu na mkono mwepesi wa biashara. Habari za Nduwayezu alizielewa tangu siku ya kwanza, akasema kwao Uvira kulikuwa na mtu kama huyo na aliimba kwaya, kisha akampa kitana akamwambia aanze kazi. Kwa hilo tu Nduwayezu angemfanyia kazi mpaka uzeeni.

Ila ukutani mwa saluni ile kulikuwa na kalenda.

Ilikuwa kalenda ya krimu ya Rozabela, na juu ya miezi yote kumi na miwili aliketi mwanamke mmoja anayecheka. Alikuwa mweupe, rangi ya ndizi iliyoiva. Kidevu chake kilikuwa chembamba, nyusi nyembamba, shingo ndefu, na mashavu hayakuwa na hata alama ya chunusi. Chini yake paliandikwa: Rozabela, kwa mwanamke kamili. Maneno hayo hayo yaliimbwa redioni mchana kutwa, kabla ya salamu na baada ya taarifa ya habari, hata watoto wa jirani waliyaimba wakiruka kamba. Wengine waliyasikia wakaendelea na shughuli zao. Nduwayezu aliyasikia kama mtu anayeitwa barazani kujibu shtaka.

Wateja nao walijilinganisha na yule wa kalenda, tusiseme uongo. Walikuja wakasuguliwa, wakapakwa, wakauziwa vikopo, na Apoline mwenyewe alikuwa na uso wa rangi ya machungwa na vidole vya giza. Lakini kulikuwa na tofauti, na Nduwayezu aliijua vizuri. Mwanamke mwingine akishindwa kufanana na kalenda, ameshindwa urembo tu; jioni atarudi nyumbani akiwa mama Fulani yule yule, na hakuna atakayemuuliza yeye ni nani. Nduwayezu akishindwa, aliona ameshindwa kila kitu. Kwa hiyo alimsoma yule wa kalenda kuliko alivyowahi kusoma katekisimu. Kila asubuhi alikaa na kioo na kibanio, akang'oa ndevu moja moja, akapaka poda, akaitazama taya yake, na kila asubuhi taya ikabaki pale pale ilipokuwa jana.

Shida ya taya ile ni kwamba ilikuwa ya mama yake.

Epifania, mama yake, alikuwa mweusi wa kung'aa, mabega mapana, taya pana, sauti nzito ya kusikika ng'ambo ya bonde. Kidevuni alikuwa na vinywele vichache, akavivuta kwa kucha akiwa amekaa mlangoni anaongea na watu, bila kujificha. Alibeba gunia la mahindi mgongoni mpaka mnadani. Wachuuzi walimwita jike dume, tena mbele yake, naye alisimama katikati ya njia, akamtazama aliyesema, akauliza, "Ndiyo mimi. Nani hapa ameshindwa na gunia lake?" Aliwatazama hivyo hivyo mpaka wao wakaangalia pembeni. Hakuna mtu Kitahana aliyewahi kumwona Epifania akiinamisha macho, si kwa mchuuzi, si kwa mwenyekiti wa kijiji, si kwa padri.

Aliyeinamisha macho alikuwa mtoto aliyemfuata nyuma. Nduwayezu alikuwa akitembea hatua nyingi nyuma ya mama yake njia ya mnadani ili wasionekane wako pamoja, na jambo hilo halikumtoka moyoni hata alipokuwa mtu mzima. Na mama huyo huyo ndiye aliyemkuta siku moja chumbani amevaa kitenge chake, amejifunga na kilemba. Mtoto aliganda akisubiri kipigo. Epifania alichukua jembe alilokuja kuchukua, akasema, "Ukivaa changu, ukikunje ulivyokikuta," akaenda zake shambani. Mwenye hasira alikuwa Esteri, dada mkubwa, ambaye baadaye alilikuta gauni chini ya godoro akalichoma moto uani, na tangu siku hiyo kaka na dada, au dada na dada, maana mimi sitauma maneno, hawakuongea kwa moyo mweupe.

Epifania alifariki masika, homa fupi, hata salamu za kuuguza hazikuwahi kufika Kasulu. Nduwayezu alikwenda kuzika akiwa amevaa suruali na koti la kuazima, akaketi na wanaume. Katika kupeana mikono ya pole, bibi mmoja wa kule alimshika mashavu, akawageukia wenzake akasema Epifania hajafa, ameuacha uso wake hapa. Wanawake wakamzunguka, wakamtazama, wakalia upya. Walisema kwa upendo. Yeye alisikia kitu kingine: kwamba mbele ya macho ya watu wote ana uso wa jike dume, na jike dume ndilo jina walilompa mwanamke wa kweli, mwenye watoto na ndoa. Sasa yeye, aliyeitwa mvulana na mkunga, angepita wapi na uso huo?

Aliporudi Kasulu alisimama mbele ya kabati la vikopo la Apoline akaomba Rozabela. Kwenye boksi la krimu kulikuwa na nyuso mbili. Wa kulia alikuwa yule yule wa kalenda, anacheka. Wa kushoto alikuwa mweusi, mwenye taya, amenuna, na juu yake waliandika: Kabla. Nduwayezu alilishika boksi lile muda mrefu. Yule wa kushoto angeweza kuwa mama yake aliyelala udongoni Kitahana. Angeweza kuwa yeye. Aliona aibu kana kwamba kuna mtu amemvua nguo sokoni, akaifunika sura ile kwa kidole gumba, akafungua kikopo.

Rozabela peke yake ilikuwa inakwenda polepole, hivyo Apoline akamkorogea. Alichanganya krimu na sabuni ya unga na vimiminika vya chupa zisizo na majina, mkorogo ambao ukiufunua pua inakwambia ukimbie. Mwanzoni ngozi ilitakata, na kwa muda mfupi Nduwayezu aliishi kwa furaha. Alipita mbele ya studio ya Gharibu, mpiga picha kutoka Ujiji, ambaye siku zote alimwambia aje apige picha ya ukumbusho, na safari hii alimjibu kwamba bado kidogo, uso unakaribia kuwa tayari. Ndoto yake ilikuwa hiyo, picha moja tu, amevaa gauni, amesimama mbele ya pazia lenye ndege na maua, ili hata akifa watu wajue alikuwa nani. Hakuwahi kupigwa picha akiwa mwanamke.

Kisha uso ukaanza kuwaka. Ulianza mashavuni, ukateremka kwenye taya, ukatoa maji, ukabanduka vipande vipande kama kuta zinavyobanduka chokaa, na chini yake ikatokea ngozi nyekundu isiyojulikana ni ya nani. Sehemu nyingine zikabaki na mabaka meusi zaidi ya alivyozaliwa. Apoline alimtazama akasema, "Usiogope, sha. Ile ngozi ya zamani ndiyo inakufa, ingine itakuja muzuri." Ila tangu siku hiyo alimketisha kona ya ndani, asukie huko, wateja wasimwone. Nduwayezu akajifunga kanga, akazua jino.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Esteri alipobisha hodi.

Esteri aliingia chumbani na mfuko wa plastiki, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua ushungi. Hakuuliza jino linaendeleaje. Alizungumza haraka, kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya nyumbani, macho yake yakiwa kwenye mlango. Wakati wa kuondoa matanga ulikuwa umekaribia. Siku hizo pale Kitahana kulikuwa na desturi mpya: familia ikiondoa matanga huileta mbele ya watu picha ya marehemu iliyo kwenye fremu ya kioo, watu wakaiaga, ikatundikwa ukutani. Hata masikini walifanya hivyo, wasiofanya walisemwa. Na Epifania hakuwa na picha. Moja aliyopigwa maishani ilikuwa ya kitambulisho cha ukimbizi, na hiyo ililiwa na mchwa, karatasi na sura vyote.

"Wewe una uso wake," Esteri alisema. "Mimi nilichukua wa baba, mama mdogo naye unamjua alivyo. Nimeleta kitenge chake na kilemba. Utavaa, yule wa studio atapiga, basi. Watu watamwona mama."

Akatoa nguo kwenye mfuko, akaziweka juu ya magoti. Zilikuwa bado zina harufu ya moshi wa jikoni kwao. Nduwayezu alizitazama asijue acheke au alie. Esteri yule yule aliyechoma gauni lake alikuwa amepanda lori kutoka Kibondo kuja kumwomba avae kitenge. Ni neno alilolingoja kwa dada yake tangu utotoni, limekuja leo, na leo hakuwa na uso wa kulipokea.

Esteri akadhani anakataa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua anachoomba, na anajua alichowahi kufanya, na asimlazimishe kusema zaidi ya hapo.

Nduwayezu angeweza kuling'ang'ania jino. Aliliwaza. Lakini siku ya matanga ilikuwa karibu, na uso wa mama yake haukuwa na mahali pengine pa kukaa. Alinyanyua mikono, akafungua fundo kisogoni, akaiacha kanga ianguke.

Esteri hakupiga kelele. Aliinuka, akamvuta mpaka karibu na dirisha, akamgeuza kidevu kwenye mwanga, akatazama shavu moja, akatazama la pili.

"Mana yanje," alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani. "Umemfanya nini mama?"

Nduwayezu amewahi kutukanwa sana. Ameitwa majina sokoni, amerushiwa maganda ya miwa, amefukuzwa kwaya. Hakuna kati ya hayo lililomwingia kama swali lile. Alikuwa amedhani anaifuta aibu yake mwenyewe, mali yake, kitu kisichomhusu mtu. Kumbe alikuwa amepewa amana na hakujua. Picha ya pekee ya Epifania duniani alikuwa nayo yeye, na yeye ndiye aliyeimwagia mkorogo. Aliketi sakafuni, akafunika uso kwa viganja, na viganja vyenyewe vikauchoma.

Esteri akatoka uani, kwenye mafiga ya wapangaji, na aliporudi alikuwa na sufuria ya maharage ya jirani iliyopinduliwa, na chupa ya mawese. Alikwangua masizi kwa kisu yakaangukia kwenye kifuniko, akadondoshea mawese, akakoroga kwa kidole. Wala hakuomba ruhusa. Alipiga magoti mbele ya Nduwayezu akaanza kumpaka, paji la uso kwanza, kisha pua, kisha mashavu yale mabichi, akipuliza anapoona yanauma. Yaliuma sana. Nduwayezu hakusema, maana aliona anastahili. Esteri alipaka huku akikumbuka kwa sauti: hapa mama alikuwa mweusi zaidi, hapa chini ya macho palikuwa na kivuli, hapa taya inakata hivi. Mara akalia, akajifuta kwa mkono, akabaki na masizi puani. Wangecheka, siku nyingine.

Kisha akamfunga kilemba. Alikifunga alivyokuwa akifunga mama, upande mmoja juu, akarudi nyuma kutazama. Akashika mdomo. Nduwayezu hakutaka kioo, na Esteri hakumpa.

Njia ya kwenda studio haikuwa ndefu lakini ilipita sokoni. Nduwayezu alitembea akiwa na kitenge cha mama yake, uso wa masizi, mchana kweupe, dada yake akimshika mkono. Watu waligeuka. Apoline alitoka mlangoni mwa saluni, akaona, akarudi ndani.

Gharibu alikuwa mtu wa adabu za Ujiji, hakuuliza. Aliambiwa ni picha ya marehemu, akaelewa, akasema watapiga nyeusi na nyeupe anayoisafisha mwenyewe, kwa sababu ya rangi inapelekwa Mwanza, tena rangi ingewaumbua, mawese yangetokea mekundu. Alimketisha kwenye stuli. Aliliondoa lile pazia la ndege na maua, akaning'iniza shuka jeupe, maana marehemu hapigwi picha na ndege. Nduwayezu aliliangalia pazia likikunjwa na kuwekwa kona.

Gharibu akasema, "Inua uso, dada. Tazama hapa kwenye kioo."

Alimwita dada, kwa upole, na hata hilo lilimzidishia uchungu. Nduwayezu aliinua kidevu lakini macho yakakataa. Alijaribu tena. Aliona kile kioo cha kamera kikimtazama akawa na hakika kinaona yote, masizi, mabaka, kikopo cha Rozabela, na mtoto anayetembea hatua nyingi nyuma ya mama yake njia ya mnadani. Gharibu alingoja kadiri alivyoweza, kisha akapiga. Picha ilipokuwa tayari aliifunga kwenye gazeti akamkabidhi Esteri, na Nduwayezu hakuomba kuiona.

Siku ya kuondoa matanga, siku ambayo kwao huitwa kuganduka, uwanja wa nyumba ya Kitahana ulijaa. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa mlango. Wanaume walikaa kwenye mabenchi chini ya migomba, pombe ya ndizi katikati yao. Nduwayezu alikuja na suruali na koti, na kofia ya pama aliyoishusha mpaka nyusini, akachagua mwisho wa benchi. Mabaka yalikuwa yamekauka lakini hayajatoka. Aliyemwuliza alimwambia ni moto wa jiko. Uongo wa jino haukufaa tena.

Sala zilipokwisha, Esteri alitoka ndani na fremu kifuani, akaigeuza kwa watu. Kilio kilipasuka. Walisema ni yeye, ni Epifania mwenyewe, tazameni taya, tazameni kilemba. Yule bibi wa siku ya mazishi alipiga magoti. Watu walipitisha fremu mkono kwa mkono wakakigusa kioo, na mwisho wa benchi Nduwayezu aliiona migongo yao ikitikisika, akajua wanalilia masizi ya sufuria ya maharage. Alitamani ardhi immeze.

Fremu ikafika kwa mama mdogo Dorcas. Huyu alikuwa mdogo wake Epifania, mwanamke mfupi, mwembamba wa uso, asiyefanana na dada yake kwa lolote isipokuwa ukaidi. Yeye hakulia. Aliipeleka picha kwenye jua, akaitazama, akaisogeza mbali, akaitazama tena. Kelele zikaanza kupungua kwa sababu yake.

"Uso ni wa Epifania," alisema. "Lakini dada yangu hakuwahi kuangalia chini. Nani amemwangalisha chini?"

Watu walimtafutia sababu. Mmoja alisema labda jua lilikuwa kali, mwingine akasema labda alikuwa ameanza kuugua. Dorcas hakuwajibu. Alimtazama Esteri, na Esteri akawa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kisha macho yake yakapita juu ya mikeka, yakavuka uwanja, yakatulia kwenye kofia ya pama.

Alikuja na fremu kwapani. Alipita katikati ya wanaume na pombe yao, mahali ambapo mwanamke wa heshima hapiti siku kama hiyo, na wanaume wakavuta miguu kumpisha. Nduwayezu alisimama kwa kuwa huwezi kukaa mkubwa wako akisimama. Alingoja kuumbuliwa. Alijua maneno yatakayotoka, alikuwa ameshayasema mwenyewe moyoni njia nzima.

Dorcas aliilaza fremu kwenye benchi. Akainama kidogo, akamshika Nduwayezu mikono yote miwili kwenye viwiko, akaanza kumwamkia. Si ile salamu ya mkono mmoja wanayopewa wanaume. Ilikuwa salamu ndefu ya wanawake wa kwao, ya kupapasana mikono kutoka begani mpaka vidoleni, huku unauliza amani, unauliza usingizi, unauliza nyumba, unauliza mifugo hata kama mtu hana kuku mmoja, na mwenzako anakujibu na kukuuliza nawe. Nduwayezu aliijua yote. Alikuwa ameitazama maisha yake yote kutoka upande mwingine wa uwanja. Alijibu, mikono yake ikikumbuka kitu ambacho haikuwahi kufanya. Mtu mmoja kwenye mabenchi alikohoa na hakuna aliyemsaidia.

Salamu ilipokwisha, Dorcas aliichukua fremu, akamwekea mikononi.

"Hii siwezi kuitundika, si ya dada yangu," alisema, si kwa siri, si kwa kelele. "Ukuta utakaa bila picha, tunaomjua tunamjua. Hii ni yako, Nduwayezu. Ni picha ya binti yake."

Akarudi kwenye mkeka wake akaomba maji ya kunywa.

Nduwayezu alibaki na fremu, na kwa mara ya kwanza akaitazama. Alitegemea kuona kinyago. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke mweusi, mabega mapana, kilemba kimekaa upande, kitenge kimemshika vizuri kifuani. Taya yake ilikuwa pana na ilikuwa mahali pake. Hakuhitaji kalenda, hakuhitaji pazia lenye maua, wala hakuna mtu mwenye akili ambaye angemwona akauliza ni nani au ni nini. Alikuwa mzuri. Hili Nduwayezu aliliona mara moja, kabla hajapata muda wa kulikataa. Kilichoharibika kilikuwa macho tu, yaliyoinama kama ya mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Ndiye ambaye Nduwayezu alimngoja miaka yote. Ndiye aliyetaka apigwe picha siku uso utakapokuwa tayari, na ulikuwa tayari tangu kuzaliwa, naye akausugua jioni baada ya jioni mpaka ukatoka damu. Aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya wachuuzi wala ya kalenda. Alimwonea aibu mwanamke yule wa kwenye kioo. Alitaka kumwomba radhi, yeye na mama yake pamoja, akakosa pa kuanzia. Wanaume walikuwa wanamtazama, na wanawake upande wa pili walikuwa wanamtazama, na jua la Kitahana lilikuwa juu kabisa.

Akavua kofia.